Mgeni Mkaazi na Majirani wa Nordiki: Mpaka Umehamia Kwenye Fomu

Leo sitaandika kuhusu lugha mpya ya programu wala toleo jipya la Linux. Nataka kuandika kuhusu safari fupi fupi za kutembelea majirani. Msiondoke lakini, maana mkisoma hadi mwisho mtaona kwamba habari hii ni ya tarakilishi kuliko ilivyo ya mabegi na tiketi.

Tangu nihamie huku kikazi, swali ninaloulizwa zaidi na vijana kutoka nyumbani, hasa waliopata kazi au nafasi ya masomo katika nchi mojawapo ya Nordiki, ni hili: "Kaka, nikishapata kibali cha kukaa Uswidi, naweza kwenda Denmaki au Norwe wikendi bila kuomba viza?" Jibu ni ndiyo. Limekuwa ndiyo kwa miaka mingi. Lakini ukiziuliza tovuti nyingi za kuuza tiketi, utadhani jibu ni hapana. Na kuna watu, tena wengi, ambao hukaa huku miaka miwili mizima bila kuvuka hata daraja moja kwa sababu tovuti iliwaambia wasijaribu.

Maoni yangu ni haya: kwa mgeni mkaazi, mpaka kati ya nchi hizi hauko tena barabarani. Umehamia kwenye fomu. Na waliouhamishia huko si wanasiasa peke yao. Ni sisi pia, waundaji wa programu.

SHERIA INASEMAJE HASA?

Tuanze na historia kidogo, kwa kuwa inasaidia kuelewa. Mwaka 1954 Denmaki, Norwe, Uswidi na Ufini zilikubaliana kwamba raia wao wasihitaji pasipoti wala kibali cha kukaa wanapokwenda kwa jirani, na mwaka huo huo zikaanzisha soko moja la kazi. Mkataba mwingine wa mwaka 1957 ukaondoa ukaguzi wa pasipoti kwenye mipaka ya kati yao. Kumbukeni hiyo ilikuwa kabla Kenya haijapata uhuru. Raia wa Uswidi anaweza kuamka kesho akahamia Oslo, akatafuta nyumba na kazi, bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Mgeni mkaazi hayumo katika mapatano hayo ya uraia. Mimi ni Mkenya. Kibali changu cha Uswidi hakinigeuzi kuwa mtu wa Nordiki, na haki ya kuhamia kwa jirani sina. Haki niliyo nayo imetoka kwingine, yaani Schengen. Nchi zote tano za Nordiki, pamoja na Norwe na Aislandi ambazo si wanachama wa Umoja wa Ulaya, zilianza kuutumia mfumo wa Schengen siku moja, 25 Machi 2001. Katika mkataba wa kuutekeleza mfumo huo mna kifungu cha 21, na hicho ndicho rafiki yetu. Kinasema kwa ufupi kwamba mgeni mwenye kibali halali cha kukaa kilichotolewa na nchi mojawapo, na mwenye pasipoti halali, anaweza kutembea katika nchi nyingine za Schengen kwa siku zisizozidi 90 katika kila kipindi cha siku 180. Awe na uwezo wa kujikimu, aweze kueleza safari yake ni ya nini, na asiwe amepigwa marufuku. Basi. Hakuna viza, hakuna barua ya mwaliko, hakuna kupanga foleni ubalozini.

Wale wenye viza ndefu ya kitaifa nao wamo. Zamani hawakuwamo, na mwanafunzi mwenye viza ya namna hiyo alijikuta amefungiwa katika nchi moja kama kuku kwenye tenga. Kanuni ya mwaka 2010 ikarekebisha jambo hilo.

HESABU YA SIKU 90

Hapa ndipo watu wengi hujichanganya, kwa hivyo tulia. Siku unazokaa katika nchi iliyokupa kibali hazihesabiwi. Mimi nikiwa Stockholm mwaka mzima, hesabu yangu ni sufuri. Zinazohesabiwa ni siku za kwa majirani, zote kwa pamoja: siku mbili za Copenhagen na tatu za Helsinki ni tano. Siku ya kufika inahesabiwa, na siku ya kuondoka pia.

Halafu dirisha lenyewe linasogea. Halianzi Januari wala halianzi siku uliyopewa kadi. Kila siku unayokuwa kwa jirani, rudi nyuma siku 180 ukijumlisha na hiyo ya leo, hesabu ulizozitumia, uone kama zimezidi 90. Waliosoma sayansi ya tarakilishi mmeshatambua: hili ni dirisha linaloteleza, zoezi la muhula wa pili. Unaweka safu ya tarehe, mpya inaingia mbele, iliyozeeka inadondoka nyuma, unahesabu zilizobaki. Mistari kumi ya Python inatosha.

Sasa chukua kalamu. Tuseme unapenda kutembea kiasi kwamba kila wikendi unavuka, Ijumaa jioni hadi Jumapili. Hizo ni siku tatu. Katika siku 180 mna wikendi 26 kwa kukadiria juu. Tatu mara 26 ni 78. Kwa maneno mengine, hata ukivuka kila wikendi kwa nusu mwaka hujafika 90! Ukiongeza Jumatatu ziwe siku nne kila safari, unafika 104 na hapo umevunja sheria. Kwa hivyo mtu wa safari mbili tatu kwa mwaka hana haja ya kukosa usingizi. Weka tu tiketi zako pahali pamoja, maana kwenye mipaka ya ndani hakuna muhuri unaogongwa, na siku ukiulizwa ulikuwa wapi, tiketi ndizo zitakazokusemea.

Jambo moja la kuongeza: haki hii ni ya kutembea. Kibali cha kufanya kazi Uswidi ni cha kufanya kazi Uswidi. Usiende kuuza huduma zako Oslo ukadhani kifungu cha 21 kinakulinda.

FOMU ISIYOULIZA SWALI LA PILI

Haya, sheria ni hiyo, na inaeleweka. Kwa nini basi watu wanaogopa?

Juzi nilikuwa nikitafuta tiketi ya ndege ya kwenda Helsinki kwenye tovuti moja (jina nalihifadhi). Nikajaza jina, tarehe ya kuzaliwa, uraia. Nilipochagua "Kenya" tu, kisanduku chekundu kikajitokeza: unahitaji viza ya kuingia Ufini. Chini yake kiungo cha kampuni ya kunisaidia kuipata hiyo viza, kwa malipo. Nikatafuta pahali pa kusema kwamba naishi Uswidi na nina kibali. Hapakuwapo. Nikarudi mwanzo, nikasoma kila kurasa, hapakuwapo. Ningekuwa mgeni wa miezi miwili ningefunga kivinjari nikae nyumbani, au mbaya zaidi, ningelipa kampuni ile pesa ninunue kitu nisichohitaji.

Najua kilichomo nyuma ya kisanduku hicho kama ninavyojua kilichomo mfukoni mwangu. Ni kitu kama hiki:

kama uraia = "KE" basi onyesha "unahitaji viza"

Mstari mmoja. Yule aliyeuandika hakuwa mbaguzi, pengine alikuwa amechoka na mradi ulikuwa umechelewa. Lakini mstari huo ni uongo. Sheria haisemi hivyo. Kwa lugha ile ile, sheria inasema:

kama pasipoti ni halali na kibali cha Schengen ni halali na siku zilizotumika hazijafika 90 basi onyesha "safari njema"

Tofauti ni swali moja la ziada: "Unaishi wapi, kwa kibali gani?" Katika hifadhidata ni safu mbili tatu tu: nchi iliyotoa kibali, aina yake, tarehe ya kuisha. Uraia si makazi. Ni vitu viwili tofauti, na kuviweka katika safu moja ni kosa la usanifu, sawa na kuweka jina la baba na jina la ukoo katika kisanduku kimoja ukidhani dunia nzima huitwa kwa mtindo wa kwenu.

Mtu atanijibu: "Wewe, tovuti ya tiketi haiwezi kujua sheria za nchi zote." Si lazima izijue. Mashirika ya ndege yana Timatic, hazina ya kanuni za hati za usafiri inayotunzwa na IATA, na wahudumu wa uwanjani huitumia kila siku. Ndani yake swali la makazi limo. Na kama hutaki kulipia huduma ya namna hiyo, unaweza kunyamaza. Tovuti isiyosema lolote kuhusu viza ina heshima kuliko inayosema uongo kwa herufi nyekundu.

Tena angalieni jambo hili la kushangaza. Ulaya imeanzisha mfumo mkubwa wa EES, unaosajili alama za vidole na picha za wageni wa muda mfupi wanapoingia na kutoka kwenye mipaka ya nje ya Schengen. Ulianza kutumika 12 Oktoba 2025. Mfumo mzito kama huo, wa nchi 29, umetofautisha vizuri kabisa: mwenye kibali cha kukaa hasajiliwi humo, yeye ana njia yake. Ikiwa urasimu wa nchi 29 umeweza kuuliza swali la pili, tovuti ya tiketi inashindwaje?

KADI IKIISHA

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, na hili si la tovuti peke yake.

Kibali cha kazi hutolewa kwa muda, na Uswidi haikupi muda unaopita uhai wa pasipoti yako. Kabla hakijaisha unaomba kuongezewa. Ukiwa umeomba mapema, unaruhusiwa kuendelea kukaa ukisubiri majibu, hata kama tarehe ya kwenye kadi imepita. Sawa. Lakini kifungu cha 21 kinataka kibali halali mkononi. Kwa hivyo unakuwa mtu wa ajabu: upo nchini kihalali kabisa, unalipa kodi, unakwenda kazini kila asubuhi, lakini huwezi kwenda kwa jirani. Na ukitoka, kurudi kwako kuna mashaka.

Namfahamu dada mmoja, Mkenya mwenzetu, ambaye alikuwa katika hali hiyo (nchi sitaitaja). Kaka yake akaugua ghafla akalazwa katika mji wa ng'ambo ya pili ya mpaka, mwendo mfupi tu wa treni. Raia wa pale huvuka kwenda kununua maziwa. Yeye akakaa wiki nne akimsalimia kaka yake kwa simu, kila siku akifungua sanduku la barua kuangalia kama kadi imefika. Kaka alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini je, asingepona?

Kiufundi hili ni tatizo dogo mno. Ombi lake limo katika mfumo wa serikali. Hali yake inajulikana: anaruhusiwa kukaa. Kadi ya plastiki ni nakala tu ya kumbukumbu iliyomo katika seva, na nakala imepitwa na wakati ilhali kumbukumbu yenyewe ni nzima. Sisi tunaoandika programu tunajua dawa yake: usiamini nakala iliyozeeka, muulize mwenye kumbukumbu. Ulaya sasa inajenga pochi za kidijitali za utambulisho kwa mujibu wa kanuni iliyopitishwa mwaka 2024. Ningekuwa na sauti, ningesema kitu cha kwanza kuwekwa katika pochi hizo kisiwe leseni ya udereva bali hali ya mgeni anayesubiri: "anaruhusiwa kukaa, anaruhusiwa kutembea." Kinachokosekana ni utashi.

POLISI KWENYE TRENI

Hapa napo pana mkanganyiko, maana watu husikia "hakuna mpaka" halafu wakakutana na afisa.

Mwaka 2015 Uswidi ilipokea maombi ya hifadhi yapatayo 163,000. Mwezi Novemba mwaka huo ikarudisha ukaguzi kwenye mipaka yake ya ndani, na Denmaki ikafuata Januari 2016. Sheria ya Schengen inaruhusu hilo kwa muda, lakini muda huo umekuwa ukiongezwa tena na tena. Kati ya Januari 2016 na Mei 2017 hata kampuni za treni na feri zililazimika kukagua vitambulisho kabla ya abiria kupanda kuelekea Uswidi.

Ukaguzi huo haufuti haki yako. Hati zako zikiwa sawa, unapita. Maana yake ni kwamba pasipoti na kadi lazima viwe mfukoni, vyote viwili. Kadi ya kibali cha Uswidi si kitambulisho wala hati ya kusafiria, na kitambulisho wanachopewa wakaazi na idara ya kodi hakivushi mpaka. Picha ya pasipoti kwenye rununu si pasipoti. Mwenzako raia wa Nordiki atapita kwa leseni yake ya udereva, wewe usimuige.

Maoni yangu kuhusu ukaguzi wenyewe: serikali ina haki ya kujua nani anaingia. Lakini wakiamua kukagua behewa, wakague behewa zima. Ukaguzi unaochagua sura ni ule ule mstari wetu mmoja wa programu, tofauti ni kwamba safari hii umeandikwa kichwani mwa mtu.

HAYA, TUPANGE SAFARI

Baada ya kulalamika, wacha niwape kitu cha mkononi. Nikiwa naishi Stockholm, naona safari tatu zinazofaa kwa mtu wa siku tatu au nne.

1. Copenhagen kwa treni. Mwendo wa saa tano hivi, kisha unavuka daraja la Öresund kutoka Malmö. Daraja hili lilifunguliwa 1 Julai 2000. Lina urefu wa karibu kilomita 8, halafu linashuka kwenye kisiwa cha kutengenezwa kiitwacho Peberholm, na kutoka hapo unapita chini ya bahari katika njia ya kilomita 4. Kwa mtu anayependa uhandisi, nauli imeshalipa.

2. Ufini kwa feri. Unalala melini, asubuhi uko Turku au Helsinki. Meli nyingi husimama Åland, hata kama ni usiku wa manane na hakuna anayeshuka. Sababu yake ni nzuri sana: duka la bidhaa zisizo na kodi. Umoja wa Ulaya uliondoa mauzo hayo kwa safari za ndani mwaka 1999, lakini Åland, ingawa ni sehemu ya Ufini, iko nje ya eneo la kodi la Umoja. Meli ikigusa pale, duka linafunguliwa. Katika fani yetu tungeiita hila halali ya mfumo.

3. Oslo kwa treni, saa tano au sita. Beba chakula chako cha njiani, maana Oslo ni ghali na hilo halina siri.

Msijaribu nchi nne kwa siku tano. Mtaona stesheni nne na hamtaona nchi hata moja.

Tahadhari za ziada. Kwanza, saa: Ufini iko mbele ya Uswidi kwa saa moja. Wakati wa kiangazi saa ya Helsinki ni ile ile ya Nairobi, kwa hivyo ukiwa huko unaweza kumpigia mama bila kupiga hesabu. Lakini tiketi ya kurudi imeandikwa kwa saa ya bandari ya kuondokea. Isome mara mbili.

Pili, pesa. Ufini inatumia yuro, wengine wanne kila mmoja ana krona yake, na hizo krona hazifanani thamani. Mashine ya kadi ikikuuliza kama unataka kulipa kwa pesa ya kwenu au ya pale, chagua ya pale. Ile nyingine ina kiwango cha kubadilisha kilichopangwa kumfaa mwenye mashine.

Tatu, usitegemee programu zako za simu. BankID ya Uswidi, iliyoanza mwaka 2003, haifungui milango ya Denmaki, ambako wanatumia MitID. Swish ya Uswidi inataka akaunti ya benki ya Uswidi, na muuza kahawa wa Copenhagen hana. Namba ya utambulisho niliyopewa Uswidi ina tarakimu kumi au kumi na mbili kutegemea unavyoiandika, ya Norwe ina kumi na moja, ya Denmaki kumi. Fomu ya jirani itaikataa namba yako kabla hata hujaeleza wewe ni nani. Beba kadi ya kawaida ya benki.

Nne, si kila pahali penye bendera ya Nordiki ni Schengen. Greenland na Visiwa vya Faroe viko chini ya ufalme wa Denmaki lakini viko nje ya Schengen. Kibali chako cha Uswidi hakitoshi huko, ombeni ruhusa ya pekee. Svalbard ya Norwe nayo iko nje. Pale kwenyewe hapahitaji viza kwa mtu yeyote, lakini safari hupitia Norwe bara, na kurudi bara ni kuingia Schengen upya. Mwenye kibali halali atarudi. Mwenye viza ya kuingia mara moja tu amejifungia mlango.

Tano, kabla ya kulipia chochote angalia tarehe mbili: ya kuisha kwa kadi na ya kuisha kwa pasipoti. Kama iliyo karibu zaidi iko ndani ya miezi michache, shughulikia hiyo kwanza. Denmaki haihami.

NA KWETU JE?

Mtauliza, haya yote yanamhusu nini msomaji aliye Eldoret au Kisumu? Yanamhusu sana.

Tangu mwaka 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanaweza kutembeleana kwa kitambulisho cha taifa. Ni jambo la kujivunia, na nimelitumia kule Busia nikafurahi. Mwaka huo huo nchi hizo tatu zikaanza kutoa viza moja ya utalii ya Afrika Mashariki, dola 100 kwa siku 90. Kwa hivyo tumemfikiria raia, na tumemfikiria mtalii. Lakini kuna mtu wa tatu. Yule mhandisi Mhindi aliyeishi Nairobi miaka minane. Mwalimu kutoka Kameruni. Mfanyabiashara Mnaijeria wa Nairobi anayetaka kwenda Kampala Ijumaa kuona mzigo na kurudi Jumapili. Kwetu, yeye ni mgeni mkaazi kama nilivyo mimi huku.

Jumuiya yetu sasa ina nchi nane. Kongo iliingia mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Mifumo ya vitambulisho vya kidijitali inajengwa sasa hivi, na baadhi yenu mnaosoma hapa ndio mtakaopewa kazi ya kuiandika. Nchi za Nordiki zilianza na raia mwaka 1954, na mgeni mkaazi akasubiri Schengen, karibu miaka 47 baadaye. Na bado leo tovuti zao zinamsahau. Sisi hatuna haja ya kusubiri hivyo. Mtu anayelipa kodi Nairobi na watoto wake wanasoma Nairobi asichukuliwe Malaba kana kwamba ameshuka ndege jana.

KWA WAANDISHI WA PROGRAMU WENZANGU

Naomba mambo matatu tu, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti ya serikali.

Mosi, ukiandika fomu yenye neno "uraia", simama ujiulize unataka kujua nini hasa. Je, ni uraia, au ni haki ya mtu kufanya jambo fulani? Mara nyingi ni la pili. Basi uliza hilo la pili.

Pili, usiandike onyo la kisheria usilolielewa. Onyo la uongo humfungia mtu mlango ambao sheria imeuacha wazi, na hutajua kamwe ni wangapi uliowarudisha, kwa kuwa aliyefunga kivinjari haachi alama kwenye kumbukumbu za seva.

Tatu, jaribuni programu zenu kwa watu halisi wa kila namna. Katika data za majaribio kwa kawaida kuna raia wa Uswidi anayeishi Uswidi na Mmarekani anayeishi Marekani. Ongezeni Mkenya anayeishi Uswidi anayekwenda Ufini. Ongezeni Mkongomani anayeishi Kenya anayekwenda Rwanda. Programu ikianguka hapo, mmepata hitilafu ya kweli kabla mtu hajaumia.

Na wewe uliye huku na kadi mfukoni, ukiangalia ramani kila jioni bila kuthubutu: soma tarehe zako, beba pasipoti, kata tiketi. Kifungu cha 21 kimekuwa kikikungoja muda wote huo. Safari njema, na ukifika Copenhagen kula mkate wao mweusi wenye samaki juu. Wenyeji wanasema ni chakula kamili. Mimi nasema ni mwanzo mzuri wa kukumbuka ugali.